Baiskeli za Msaada Ngamiani: Nafuu Dukani, Kazi kwa Fundi

Tanga ni mji wa baiskeli kwa sababu ardhi yake ni tambarare, na karakana moja ya Ngamiani imeliona hilo. Hupokea baiskeli za mitumba zinazotolewa msaada Ulaya, huzikarabati, huuza nyingi kwa bei nafuu na kutenga nyingine kwa wanafunzi wa vijijini ambao wazazi wao hawana uwezo. Nilinunua moja kwa ajili ya mpwa wangu anayesoma sekondari upande wa Pongwe.

Huduma ni nzuri. Spoku zimekazwa, breki zinashika, na mteja anaruhusiwa kuzunguka mtaa mzima kabla ya kulipa. Bei ni ya chini kuliko baiskeli mpya ya Phoenix.

Shida huanza tairi linapochakaa. Ukiuliza saizi utaambiwa ni inchi ishirini na nane, na kweli ndiyo namba iliyochapwa ubavuni. Hata hivyo, Phoenix zilizojaa mjini hutumia ringi yenye kipenyo cha milimita 635, ilhali baiskeli nyingi za Ulaya zinazoitwa 28 hutumia ringi ya milimita 622, na kwa tofauti hiyo ya milimita 13 tairi la Phoenix hupwaya kwenye ringi ya Ulaya kama kiatu cha kurithi kwa kaka. Mpwa wangu alipochanikiwa na tairi la nyuma, fundi wa pembeni mwa barabara, ambaye huziba pancha kwa dakika chache, alilipima, akatikisa kichwa na kunielekeza nirudi nilikonunua. Huko walikuwa na baiskeli tele, lakini tairi la akiba hawakuwa nalo.

Keria nayo inahitaji kuangaliwa kwa makini. Kwenye baiskeli yetu imegongwa alama ya kilo 25, uzito unaomtosha mwanafunzi mwenye begi la madaftari, lakini dumu moja la maji la lita 20 linakaribia kuumaliza, na kijijini baiskeli ya mtoto ni ya nyumba nzima. Fremu ya alumini ikipasuka, wachomeleaji wetu waliozoea chuma hawaigusi. (Gia 21 kwa safari ya Pongwe ni mapambo.)

Yapo mashirika yaliyoanza na maswali hayo ya vipuri, mzigo na ufundi. World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005 na F.K. Day na Leah Missbach Day baada ya tsunami iliyoipiga Sri Lanka, halikusanyi mitumba. Linatumia baiskeli yake lenyewe, Buffalo, yenye fremu nzito ya chuma, breki ya kukanyaga nyuma na keria ya kubeba kilo 100, na pamoja nayo hufundisha mafundi wa huko huko na kuuza vipuri. Nchini Zambia, utafiti uliofanywa kwa wasichana waliopewa baiskeli hizo ulionyesha kuwa muda wa safari ya shuleni ulipungua kwa takribani theluthi moja na utoro kwa zaidi ya robo. Jimbo la Bihar, India, lilichukua njia nyingine: kuanzia mwaka 2006 serikali iliwapa wasichana wa sekondari fedha za kununulia baiskeli, nao wakanunua zile ambazo madukani kwao vipuri vyake vipo. Idadi ya wasichana walioandikishwa iliongezeka kwa karibu theluthi moja.

Kwa mizani hiyo, naiona karakana hii kuwa duka zuri la baiskeli, ila msaada wake haujakamilika. Mteja wa mjini anayenunua kwa hiari yake anaweza kuhangaika na tairi wiki nzima. Mtoto aliyepewa bure, anayeishi mbali na maduka ya mjini, ataiegemeza baiskeli ukutani na kurudi kutembea kwa miguu. Ndiyo maana sioni sababu ya kuwapelekea wanafunzi baiskeli za ringi ya 622 wakati humo humo stoo zimo baiskeli za milimani (mountain bike) za inchi 26, ambazo matairi yake yanapatikana Ngamiani.

Anayekwenda kununua achague hizo za inchi 26, zenye fremu ya chuma na gia chache, na ahakikishe pampu ya fundi wa kawaida inaingia kwenye vali, yaani mdomo wa kujazia upepo, kabla ya kutoa fedha. Za 28 nitazipendekeza siku karakana itakapokubali kuuza kila moja pamoja na matairi mawili ya akiba, hata kama bei itapanda kidogo.