Jiko la nyumba ya magogo huku Minnesota: kazi nyota nne, kupokea simu nyota moja

Naandika hii rivyu kwa sababu kila nikiposti picha ya jiko naulizwa nani katengeneza na bei gani, basi nimalize yote hapa. Katengeneza mzee mmoja na binti yake, wana karakana ya kabati huku kaskazini mwa Minnesota, Marekani, mwendo wa kama masaa mawili toka mji wa Duluth. Kazi yao naipa nyota nne bila kusita. Mawasiliano yao ni habari nyingine, ntafika huko. Anayetaka jina aje inbox.

Nyumba yenyewe ni ya magogo kweli kweli, sio zile mbao za kubandika ukutani zifanane na magogo. Ni miti mizima ya paini imelazwa mmoja juu ya mwingine, kona zimechongwa zikaingiana, na gogo unaloliona nje ndo hilohilo unaliona ndani, hamna plasta, hamna jipsamu, hamna uwazi katikati wa kufichia waya wala bomba. Mume wangu ndo aliitaka, mi nilitaka nyumba ya kawaida tu kama watu. Ila ukishalala humo usiku wa nyuzi 30 chini ya sifuri, kuta zimeshika joto na upepo unalia huko nje, unanyamaza mwenyewe.

Sasa kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba nyumba ya magogo inashuka. Sio inazama ardhini, hapana. Gogo likikauka linanywea unene, kwa urefu halibadiliki kivile, ila unene unapungua, na magogo yakiwa yamepangana juu kwa juu kila moja likipungua kidogo ukuta mzima unakuwa mfupi. Wanaojenga na magogo mabichi huku wanaacha nafasi ya karibu asilimia 6 ya kimo, yani ukuta wa mita 2.4 unaweza kushuka sentimita 14 hivi, na sehemu kubwa inatokea miaka ya mwanzo. Yetu ilikuwa bado changa tulipoinunua kwa hiyo inaendelea kutulia polepole. Kabati sasa halishuki. Kaunta haishuki. Friji halishuki. Hapo ndo kasheshe linapoanza, na hapo ndo utamjua fundi anayejua na anayebahatisha.

Kabla ya hawa tulienda duka moja kubwa la vifaa vya ujenzi, kijana akatuchorea jiko kwenye kompyuta chapchap, zuri kwa macho, ila kwenye mchoro ukuta ulikuwa flati kabisa. Nikamuuliza kabati la juu utalishikaje kwenye gogo la mviringo, akasema skrubu ndefu. Na lile kabati refu la stoo? Litafika mpaka darini, dada, ndo linavyopendeza. Nikamshukuru nikachukua koti langu.

Mzee yeye alipokuja hakuleta katalogi. Alikuja na pimamaji ya leza, akauliza magogo yalikatwa lini, akashuka chini ya sakafu kuangalia jeki. Nieleze kidogo hizo jeki manake nami sikuwahi kuzisikia: tuna nguzo katikati ya nyumba zinazobeba ghorofa, na nguzo imesimama wima, kwa urefu hainywei, sasa kuta zikishuka yenyewe imebaki palepale sakafu ya juu inafanya kibyongo. Kwa hiyo kila nguzo ina jeki ya skrubu inayopunguzwa kwa spana kila baada ya muda. Nguzo moja imeangukia mwisho wa kaunta ya katikati, jeki yake imekaa juu ya sakafu, na fundi mwingine angeifungia ndani ya mbao nzuri ikasahaulika. Wao wameweka kiboksi kinachovuliwa kwa mkono. Ukikitazama hujui kama kinatoka.

Kabati za juu zimefungwa kwenye gogo moja tu, kwa juu. Chini zimeshikwa kwa skrubu iliyopita kwenye tundu refu la wima, ili gogo la chini likisogea skrubu inateleza. Ukifunga kabati juu na chini kwenye magogo mawili tofauti, mawili hayo yanataka kukaribiana na kabati linayazuia, basi ama mgongo wa kabati unapasuka ama gogo linaning'inia kwenye kabati na katikati panafunguka ufa, na ufa wa Januari Minnesota sio wa kuusikia kwa jirani. Kabati la stoo limeachwa fupi, limetenganishwa na dari kwa kiganja kizima, na uwazi umezibwa na ubao uliofungwa kwenye dari peke yake, unashuka mbele ya kabati bila kuligusa. Na kwa kuwa kabati za juu zitashuka na ukuta wakati kaunta imesimama sakafuni, wamezianzisha juu kidogo kuliko zile inchi 18 za kawaida toka kwenye kaunta. Mi mfupi, nimelalamika, nimepewa stuli.

Jiko la kuni sasa. Tunapika kwa gesi ya propeni, tangi liko nje, ila tulitaka na jiko la kuni la chuma lenye oveni manake umeme huku ukikatika wakati wa theluji unaweza kukaa siku mbili tatu. Sheria za moto ni kwamba jiko la kuni lisilo na cheti cha usalama linatakiwa kukaa inchi 36 mbali na kitu chochote kinachoungua, na nyumba yetu yote ni kitu kinachoungua. Lenye cheti unafuata umbali uliobandikwa nyuma yake, na hata hivo linakula nafasi. Wakajenga ngao ya kukinga magogo na joto: fremu ya chuma, ubao wa simenti, tailizi juu yake, halafu kati ya ngao na magogo wakaacha uwazi wa inchi moja hewa ipite chini itokee juu. Ngao imesimama sakafuni, haijashikwa na ukuta kwa nguvu, kwa hiyo tailizi hazipasuki. Bomba la moshi lina kipande kinachoingiana kama antena ya redio za zamani, paa likishuka nalo linajifupisha. Mtu wa bima alikuja akapima akaondoka bila neno.

Kulitumia ni raha ukishalizoea. Wakati wa kuwasha unafungua kiwambo, kile kibati cha ndani cha kuelekeza moshi, ili moshi uende moja kwa moja kwenye bomba, likishapata moto unakifunga, moshi unalazimika kuzunguka oveni ndo utoke. Juu ya chumba cha kuni ndo kuna moto mkali, hapo unabandika maji ya ugali, ukisogea upande wa pili moto unapungua, maharage yanakaa huko toka asubuhi yanajipikia yenyewe. Kuni ziwe kavu, unyevu chini ya asilimia 20, la sivyo kriosoti, ile lami ya moshi, inaganda kwenye bomba na siku moja inashika moto. Tuna kakipimo ka unyevu ka kuchomeka kwenye kuni, ni ka bei ndogo, nunueni.

Kwenye feni ya kuvuta moshi tulibishana. Mi nilitaka kubwa, napika samaki, nakaanga vitunguu vya pilau, sitaki magogo yanuke perege mpaka Pasaka, na gogo likishashika mafuta kulisafisha ni kazi kwelikweli. Binti akanikalisha chini. Feni ikiwa kali mno, kanuni za ujenzi za huku zinaweza kudai uweke na njia ya kuingiza hewa mpya, na zaidi ya hapo ni kwamba feni kali kwenye nyumba iliyozibwa vizuri inanyonya hewa popote inapoipata, pamoja na kwenye bomba la jiko la kuni, moshi unarudi ndani na ile hewa ya sumu isiyo na harufu. Tukachukua ya wastani, inatoa nje kabisa sio zile za kuzungusha hewa kwenye kichujio na kukurudishia usoni, na nikiiwasha jiko la kuni linawaka nafungua dirisha kidogo. Hii peke yake ndo imenifanya niwaamini.

Nyuma ya jiko la gesi wameweka bati la stenlesi kwenye fremu yake. Msikubali kupikia mbele ya gogo tupu. Gogo la mviringo lina kabega juu, unga unatua hapo, mvuke wa mafuta unaufuata, wiki mbili una ukoko.

Kaunta ni jiwe la sabuni, jamii ya lile la Tabaka kule Kisii la vinyago, ila hili la kaunta ni gumu zaidi. Ni zito, walikagua sakafu kwanza. Ndimu hailili tofauti na marumaru, manjano haiachi doa maana halinywi kitu, na sufuria ya moto unaiweka hivohivo. Linachubuka upesi, hilo mjue, ila unapiga msasa na kupaka mafuta linarudi. Kipande cha kaunta ya katikati ni cha mbao, na hiki nilikidai mimi: kiko chini kuliko kaunta nyingine kwa kama sentimita kumi, kwa ajili ya kusukuma chapati na kukanda. Kaunta za Wamarekani ni inchi 36, ukisukuma chapati ishirini hapo mabega yanakoma. Mzee aliniuliza nipike mbele yake aone mikono inafika wapi, nikapika, akala nne, akapima. Hata mbuzi ya nazi ina mahali pake, droo pana ya chini. Kwenye mchoro wameiandika "stuli yenye meno".

Rangi wengi mnaiulizia. Mi nilitaka kabati za mbao mbao, ziendane na kuta, binti akakataa kwa adabu. Kuta mbao, sakafu mbao, dari mbao, ukiongeza na kabati mbao unapikia ndani ya sanduku. Na magogo yanakula mwanga vibaya sana, taa ambayo ingetosha chumba cheupe humu haitoshi. Kabati za juu zimepakwa rangi ya maziwa, za chini kijani cha majani ya chai, na chini ya kabati za juu kuna taa za mstari za 2700K, yani mwanga wa manjano manjano. Nilijaribu zile nyeupe sana, magogo yakawa na rangi ya ugonjwa.

Sinki liko chini ya dirisha, ukuta wa nje, na mabomba yanapanda kutoka sakafuni ndani ya kabati manake kwenye gogo huwezi kuyapitisha. Usiku baridi ikizidi tunaacha milango ya hilo kabati wazi joto liingie.

Mwenye mpango wa kujenga hivi Njombe au Mafinga, ambako paini ipo na baridi ya Juni ipo, mambo ya barafu kwenye bomba hayakuhusu, ila ya gogo kunywea yanakuhusu sana. Mwambie fundi wako asizibe kila uwazi anaouona.

Sasa malalamiko. Hawapokei simu. Yani unapiga, unaacha meseji, unaandika imeli, kimya, halafu siku ya tatu unaona pikapu inaingia getini bila taarifa na wewe una dera na mafuta kichwani. Kazi ilichelewa sana kuliko walivosema, kipupwe kikatukuta tunapikia kwenye meza ya sebuleni. Walitaka nusu ya hela kabla, na mabadiliko yoyote baada ya kusaini mchoro yanalipiwa, hata kuhamisha kitasa. Jumla ya kabati, kaunta na kufunga ilifika kama dola 30,000, jiko la kuni na bomba lake mbali. Sio bei ya kitoto. Lile duka kubwa walitaka chini ya hapo, ila wangekuja na zile skrubu zao ndefu.

Nyingine ndogondogo: droo ya viungo imewekwa karibu mno na jiko la kuni, iliki zinakauka, nimezihamisha. Mlango mmoja chini ya sinki unakwaruza tangu theluji ianze kuyeyuka. Nimeshaacha meseji kuhusu huo mlango, wakijibu ntaongezea hapa.