Programu za tahadhari ya vizuizi kwenye kishikwambi cha rubani

Kwa minara na milingoti mirefu, programu hizi zinafaa kweli: alama ya kizuizi hugeuka njano, kisha nyekundu, kadiri ndege inavyokikaribia. Udhaifu wake uko chini, jirani na kiwanja cha ndege. Annex 15 (kiambatisho cha taarifa za anga) ya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, inataka taarifa za vizuizi vya mita 100 au zaidi kwa eneo zima la nchi. Kwa hiyo waya wa umeme ulio mita 10 juu ya ardhi, unaokatiza mbele ya njia ya kurukia ya nyasi, unaweza usionekane kabisa kwenye skrini, na miti nayo hukua. Sasisha data kila siku 28. Kreni iliyosimikwa jana haitakuwemo hata hivyo.

Kilichonivutia zaidi ni kikokotoo cha umbali wa kuruka kilichomo ndani ya programu, ambacho wengi hawakifungui. Uzito ukizidi kwa 10%, umbali wa kuruka hadi kufikia kimo cha futi 50 huongezeka kwa takriban 20%. Ukirukia kwenye nyasi kavu, 20%. Joto likipanda nyuzi 10, 10%. Nyongeza hizi huzidishwa, hazijumlishwi: zikikutana zote tatu, mita 400 za kitabu cha ndege huwa kama 634, na ukizidisha tena kwa akiba ya usalama ya 1.33, 843. Hakikisha programu yako inaiweka akiba hiyo. Kama haiiweki, iweke mwenyewe.

Annex 2 ya ICAO, ya kanuni za anga, humwachia rubani mkuu uamuzi wa mwisho, kwa hiyo skrini tupu si utetezi. Kagua kwa macho, ukitafuta nguzo kwanza kwa sababu waya hauonekani, na ukilazimika kuuvuka, pita juu ya nguzo.

Nyota 4 kwa safari ndefu, 2 kwa viwanja vidogo.