Laptopu ya mwaka 2011, madabodi (bodi yake kuu) inayokufa na fundi wa Mwembe Tayari, Mombasa

Nililipa shilingi 500 za kupima, nikaambiwa mashine yangu haifai kutengezwa, nikashuka ngazi nimeridhika. Si kawaida mtu kusifu huduma ya namna hiyo, basi acha nieleze.

Laptopu yenyewe ni katika zile za maofisi zinazoletwa hapa kwa jina la "ex-UK", yaani mtumba kutoka Uingereza: inchi 14, prosesa ya Core i5 ya kizazi cha pili, nzito kama tofali. Imenitaipia barua na kunipigia hesabu za duka kwa miaka bila kunung'unika. Halafu vituko vikaanza. Unaiwasha, feni inazunguka, taa inawaka, skrini nyeusi tititi. Mara nyingine inawaka vizuri, ukishazama kwenye kazi inazima pap, bila onyo.

Nilianza na yasiyo na gharama. Niliazima chaja ya jirani yenye volti zilezile: hali ni ileile, basi chaja haikuwa na hatia. Nikatoa betri, nikachomoa chaja na kushikilia swichi kama nusu dakika ili umeme uliobaki ndani uishe. Ikawaka, nikafurahi, jioni ikazima tena. RAM, vile vipande vya kumbukumbu, nilizijaribu moja moja katika kila tundu, maana ingekuwa ni RAM mbovu, ukibakisha ile nzima ungeona nafuu. Nikaiunga kwa televisheni: nayo nyeusi, kwa hivyo skrini na waya wake si tatizo. Tarehe nayo ilikuwa ikirudi nyuma, nikanunua betri ndogo ya saa, ile CR2032 ya volti 3. Saa ikatengemaa, ugonjwa ukabaki palepale.

Kilichonipa jibu kwamba ugonjwa ni wa kifaa, si wa programu, ni kwamba nikiiinua kwa kona ya kushoto, inazima. Binamu yangu alikuwa keshashika flashi mkononi, ataka kuipiga Windows upya. Windows yajuaje kwamba kompyuta imeinuliwa?

Kabla ya kuipeleka kokote nilitoa diski. Ni skrubu chache tu chini ya kifuniko. Ukiiweka katika kasha la USB, faili zako unazisoma kwenye kompyuta yoyote. Hata kama fundi ni mwaminifu, picha za watoto na madeni ya wateja hayamhusu.

Duka la kwanza, mjini, jamaa hakuifungua. Aliisikiliza feni, akasema ni chipu ya grafiki, ile inayochora picha za skrini, aipige blowa, yaani hewa ya moto, kwa shilingi 4,500. Mtindo huo una historia yake. Mwaka 2008 kampuni ya NVIDIA ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kugharamia chipu zake za grafiki za laptopu zilizokuwa zikifa, na mafundi wakagundua kwamba ukizichoma moto zinafufuka. Zinafufuka, ndiyo, kisha zinakufa tena, maana moto hautengezi chipu iliyoharibika ndani. Na mashine yangu haina hata chipu hiyo! Grafiki yake imo ndani ya prosesa. Nikamshukuru, nikachukua mzigo wangu.

Fundi wa Mwembe Tayari ana kijichumba ghorofani, meza moja na taa yenye kioo cha kukuza. Aliifungua mbele yangu. Karibu na tundu la chaja bodi ilikuwa imeota ukijani.

"Hii ni chumvi, dada. Wakaa wapi?"

"Likoni, karibu na bahari."

"Basi."

Akashika mita. Volti 19 za chaja zinaingia sawa, zile 5 ambazo bodi huzitoa humo ziko sawa, lakini zile 3.3 zinaanguka. Hapo akafanya jambo lililonivutia: alimwagia spiriti sehemu ile ya bodi, akaingiza umeme mdogo, tukatazama ni wapi panakauka kwanza. Kilicho na shoti hupata moto, na spiriti juu yake hukimbia mbele ya kwingine. Ilikuwa kapasita, kijisehemu cha kuhifadhi umeme, ndogo kuliko punje ya mchele. Akaibandua, akaweka nyingine, laptopu ikawaka. Kisha akaibonyeza bodi kwa kidole. Ikazima.

"Shoti imetoka, lakini bodi imepasuka ndani, tabaka za katikati. Huko mimi sifiki. Nikichukua pesa yako leo, mwezi ujao utanitukana."

Nikamuuliza, na bodi nyingine je? Alisema yupo awezaye kunitafutia, ila itakuwa ya mtumba, ya umri uleule, na hakuna ajuaye imepitia wapi. Kapasita hakunitoza. Skrini, kibodi na RAM akazinunua kama spea, hesabu ikazidi zile 500 nilizolipa.

Malalamiko ninayo. Simu hapokei, kwa hivyo kupanga miadi sahau. Ijumaa anafunga mapema kwa ajili ya sala na kurudi kwake hakuna saa maalumu. Pia hatoi risiti mpaka umdai. Mdai, tena aandike modeli na namba iliyo chini ya laptopu, hasa kama utaiacha ilale pale. Na kama waishi ufuoni kama mimi, mwambie akusafishie bodi mashine ingali nzima. Mimi ile niliyonunua badala yake nimeshampelekea.