Kaunta buku ya kwaya 2, kwa mwandishi mwenye ajira

Mimi ni mtunza stoo wa vifaa vya ujenzi huku Vingunguti, kwa hiyo kaunta buku nazijua. Ofisini ziko tatu: ya mizigo inayoingia, ya inayotoka na ya madeni ya mafundi. Ya nne ni yangu. Hiyo haina saruji wala nondo, ina riwaya.

Yangu ni ya kwaya 2 (kwaya ni kipimo cha wingi wa kurasa, si ya waimbaji), kurasa 192, jalada gumu jeusi, mgongo wa kitambaa chekundu. Niliipata Kariakoo kwa bei ya jumla kwa kuichukulia pamoja na za ofisini (yangu nililipa mwenyewe, bosi akisoma hapa asinitafute).

Watu wananiuliza kwa nini nisiandikie kwenye simu. Simu inaita! Uko sentensi ya pili, dereva wa Fuso yuko getini anataka kupakiwa. Ukirudi unakuta meseji za kikoba. Ukimaliza za kikoba, mhusika ameshapoa. Halafu ukikaa stoo na simu mkononi unaonekana unachati, hata kama ni saa ya chakula. Ukishika kaunta buku na peni unaonekana mchapakazi. Bosi amenipita niko katikati ya ugomvi wa mawifi, akasema, "Hongera mama, kazi iendelee." Nikaiendeleza.

Na wanaodhani riwaya zinaandikwa na watu wasio na ajira, Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha tangu 1926 hadi 1944, na baada ya hapo akaendelea na kazi za serikali.

Kwa mwandiko wangu, ukurasa mmoja unabeba maneno kama 200. Naandika upande wa kulia tu. Wa kushoto nauacha kwa marekebisho: hapo ndipo mtu anabadilishwa jina, na hapo ndipo nayawahi maneno niliyoyasikia kwenye daladala ya Mbagala kabla hayajanitoka. Kwa mtindo huo kaunta moja inaingia maneno elfu 19 hivi. Riwaya ya elfu 40 inataka mbili na kipande.

Usishawishike na ya kwaya 3 yenye kurasa 288, wala ya kwaya 4 yenye 384. Ni nzito, haikai kwenye mkoba mmoja na hotpoti, na ikipotea imepotea na zaidi ya nusu ya kitabu.

Kasoro zipo. Wino wa peni za jeli unatokeza upande wa pili, tumia peni ya kawaida. Jalada ni kadibodi, likilowa linavimba. Yangu nimeivalisha nailoni kama ya mtoto wa shule. Na zile zilizobandikwa kwa gundi tu, joto la stoo ya mabati linazilegeza, kurasa zinaanza kutoka moja moja.

Kubwa zaidi, mwisho wa yote lazima uchape. Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanza mwaka 2014 ikiitwa Mabati-Cornell, huwezi kuipelekea kaunta buku. Steshenari niliyoijaribu wanatoza kwa ukurasa na mwandiko wangu wanausoma wanavyotaka wao. "Alimkumbatia" ilirudi "alimkumbushia", penzi lote likageuka deni. Sasa nachapa mwenyewe Jumapili kwenye kompyuta ya kaka yangu, na kumbe kuna faida: sentensi ambayo vidole vinaona uvivu kuichapa, naiacha hukohuko kwenye kaunta.

Kwa bei yake naipa nyota nne kati ya tano. Ukienda kununua, ifungue katikati kabla hujatoa hela, utafute uzi kwenye mkunjo. Usipouona, hiyo ni ya gundi. Muuzaji akigoma isifunguliwe, nenda duka linalofuata, Kariakoo hayajaisha.