Niliwapa binti yangu wamfunze tabia, wakamwadhibu kwa kusema kweli

Nilisema nisubiri hasira ipoe ndipo niandike tathmini hii. Wiki kadhaa zimepita, haijapoa, basi naandika nayo hivyo hivyo.

Binti yangu ana miaka 12. Anacheza mpira wa kikapu kwenye mpango mmoja wa vijana ambao jina lake nitalihifadhi. Tuliingia kwa sababu moja, na walioitoa ni wao wenyewe siku ya kwanza walipotukusanya wazazi: kwamba pale kikapu ni njia tu, wanachojenga ni tabia. Fulana za mazoezi zimeandikwa mgongoni "Tabia Kwanza". Sikuwa natafuta nyota wa kesho. Nilikuwa na mtoto ambaye akishindwa kitu hujifungia chumbani, akishinda huwakoga wenzake, nikaona mchezo wa timu utamnyoosha.

Siku yenyewe ilikuwa ya mechi. Robo ya nne, zimebaki sekunde chache, tuko nyuma kwa pointi moja. Mpira ukagombewa kwenye kona, mikono mingi juu yake, ukatoka nje. Refa alizibwa na migongo ya watoto, akakisia, akaonyesha kwamba mpira ni wetu. Binti yangu akanyoosha mkono kama yuko darasani. "Refa, umenigusa mimi mwisho. Hapa, kidoleni." Refa akamtazama, akageuza uamuzi. Wale wengine wakaingiza mpira, wakakaa nao mpaka saa ikaisha.

Mimi kule kwenye viti nilikuwa nimesimama. Kufungwa hata sikukusikia. Nilichokuwa nawaza ni kwamba mtoto huyu, ambaye miaka miwili nyuma asingekubali kosa hata ungemkuta na kikombe kilichovunjika mkononi, amesema kweli mbele ya watu wote, wakati ambapo kweli hiyo inamgharimu. Nikasema moyoni, mpango huu unafanya kazi.

Furaha yangu haikumaliza dakika moja.

Kocha mkuu hakungoja hata watoto wapeane mikono. Akamwita katikati ya wenzake, wazazi wa pande zote mbili tukisikia. "Nani amekutuma uwe refa?" Mtoto kimya. "Kama unawahurumia sana, nenda kavae jezi yao." Kisha akawaamuru wenzake wote wakimbie, mstari hadi mstari, kwenda na kurudi, na yeye akamkalisha benchi awatazame. "Uone ulichowafanyia."

Nimeziona mbio zile mara nyingi usiku nikiwa nimelala. Watoto 11 wanahema, mmoja amekaa na mikono yake kaificha chini ya mapaja.

Nilimfuata. Nilimwambia, "Kocha, naomba tuongee kidogo." Hakusimama. Alijibu huku anakusanya koni zake: "Mama, ukweli mfundishe nyumbani. Hapa tunafundisha kushindana." Akaenda zake. Mtu aliyevaa fulana ile ile yenye maandishi yale yale mgongoni, na nilibaki nayasoma maandishi hayo mpaka akapotea mlangoni.

Nitamtendea haki, maana hoja anayo. Filimbi ni ya refa. Refa hukosea kwa pande zote mbili, leo anakunyima kesho anakupa, na wako makocha waungwana kabisa wanaowaambia watoto cheza mpaka usikie filimbi, uamuzi ukitoka usibishane nao. Angemweka binti yangu pembeni akamweleza hivyo kwa upole, ningesikiliza, na huenda ningekubali. Lakini mtoto hakubishana na refa. Alimsaidia. Na hata kama angekosea, wenzake wamekosa nini mpaka wakimbizwe? Hiyo ilikuwa namna ya kuwageuza 11 wamchukie mmoja, na kwa siku kadhaa ilifaulu.

Kwa hasira nilianza kusoma mchezo huu ulitoka wapi. James Naismith alikuwa mwalimu huko Springfield, Massachusetts, Desemba 1891, na alipewa darasa la vijana watukutu waliochoka kufungiwa ndani wakati wa baridi. Akatafuta mchezo ambao nguvu za mwili hazitatawala. Akalipandisha goli juu ya vichwa ili lisifikiwe kwa kuvamiana, akakataza kukimbia na mpira mkononi ili mtu asipate sababu ya kumwangusha mwenzake. Yaani kujizuia kumo ndani ya mchezo tangu siku ya kwanza. Na kilichonishika zaidi ni kanuni yake ya 9 kati ya zile 13: mpira ukitoka nje, ni wa atakayeugusa wa kwanza huko nje. Matokeo yake watu walikuwa wanakanyagana kuukimbilia. Baadaye ikabadilishwa, mpira ukawa haki ya wapinzani wa aliyeugusa mwisho. Kwa hiyo leo kila mpira unaotoka unauliza swali moja, nani kaugusa mwisho? Na mara nyingi mwenye jibu la hakika pale kiwanjani ni mtu mmoja, mwenye kidole.

Huyo Naismith baadaye alifundisha timu ya Chuo Kikuu cha Kansas. Alishinda mechi 55, akapoteza 60. Mwenye mchezo wake! Na bado ukumbi wa heshima wa kikapu duniani unaitwa kwa jina lake. Ningependa kocha wetu alijue hilo.

Sasa, ningeishia hapa ningekuwa nimedanganya, kwa sababu mpango huu una kocha msaidizi. Kijana mpole, hapandishi sauti. Amewafundisha watoto kwamba ukifunga kikapu, kabla hujashangilia, mnyooshee kidole aliyekupa pasi. Desturi hiyo iliwahi kusisitizwa sana na Dean Smith alipokuwa kocha wa kikapu wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, na msaidizi huyu haachi hata mazoezini: usiponyoosha kidole anasimamisha mchezo, anakuuliza taratibu, "Nani alikupa?" Binti yangu ameileta nyumbani. Siku aliporudi na alama nzuri za hesabu, alisimama mlangoni akamnyooshea kidole kaka yake aliyemsaidia kujiandaa. Hakusema neno. Nililia jikoni. Kitu hicho singeweza kumfundisha mimi kwa maneno, nilishajaribu.

Kwa hiyo nilipoanza kuandika nilikuwa nimewapa nyota moja. Nilipofika kwa huyu kijana nikafuta, nikaweka tatu, hata nne nilizifikiria. Nikawa najiambia kocha mmoja mwenye mdomo mchafu asiharibu kazi ya mwingine.

Ila kuna mazoezi ya juzi juzi. Nilikaa viti vya mbele. Walikuwa wamegawanywa wanacheza wenyewe kwa wenyewe, msaidizi hakuwepo, kocha mkuu ndiye mwenye filimbi. Mpira ukatoka upande wangu, mita mbili kutoka miguuni pangu. Nilimwona binti yangu akiugusa. Nililiona pigo la kidole kabisa. Kocha akauliza, "Wa nani?" Kila mtoto akageuka kumtazama yeye, maana wote wanakumbuka. Akamtazama kocha, kisha akatazama viatu vyake, akanyamaza. Kocha akaipa timu ya binti yangu mpira. Akasema, "Vizuri."

Njiani kurudi sikumuuliza. Alianza mwenyewe: "Mama, uliona?" Nikamwambia niliona. Tukaenda kimya mpaka nyumbani.

Niliandika malalamiko kwa uongozi. Jibu lilikuwa mistari miwili, kwamba nidhamu ya timu ni jukumu la kocha mkuu na wanathamini mchango wangu. Hilo neno "Vizuri" ndilo nililolalamikia, na hakuna aliyeligusa.

Nimerudisha nyota moja. Tabia wanajenga kweli, na nimeona kwa macho yangu ni ipi. Muhula ukiisha tunatoka, ingawa yeye anasema atawakosa wenzake na mimi sina jibu la kumpa. Na yule msaidizi akipata timu yake mwenyewe, popote, naomba mzazi yeyote anayesoma hapa anijulishe. Tutakuwa wa kwanza kuandikisha.