Fundi wa fremu aliyekata mwandiko wa baba yangu

Nyota moja. Kungekuwa na nusu ningetoa nusu, na hiyo nusu ingekuwa ya kijana anayefagia, nitafika kwake. Jina la duka silitaji. Liko Kisumu, linatengeneza fremu, na mlangoni wamepanga picha za maharusi na maaskofu. Najua maduka ya namna hiyo ni mengi. Basi yaulizeni yote swali moja kabla hamjaacha kitu chenu juu ya meza: "Utakata?"

Mimi nilipeleka bango la sinema.

Baba alikuwa opareta, mwendesha mashine za kuonyesha filamu ukumbini. Mnaotazama filamu kwenye simu hamwezi kuijua kazi hiyo. Alikaa nyuma ya watu katika chumba kidogo chenye joto la tanuri, yeye na mashine mbili. Rili moja, yaani gurudumu la mkanda wa filamu, ilidumu kama dakika 20, na ikikaribia kwisha anawasha ya pili. Akichelewa kidogo tu, ukumbi mzima unapiga miluzi na kumtukana kwa jina. Filamu ikikatika anaunga, anaendelea. Mabango yalikuja pamoja na filamu na yalitakiwa kuondoka nayo, yakabandikwe mji mwingine. Kwa hiyo kila bango la zamani mnaloliona leo, kuna mtu hakulirudisha. Nyumbani kwetu husemwa kwamba baba alilisahau chini ya godoro.

Lenyewe ni la Rise and Fall of Idi Amin, ile ya Sharad Patel ya 1981. Watu wa Nairobi wanisamehe, lakini sisi wa huku tunaihesabu ni filamu yetu. Ilipigwa hapa hapa Kenya, na aliyemwigiza Amin ni marehemu Joseph Olita, mtu wa Siaya. Filamu baba hakuipenda sana, alisema ina damu kuliko kichinjio. Bango ndilo alilolipenda. Alisema hajawahi kuona mtu wa kwao akiwa mkubwa kiasi kile ukutani, na wazungu wanalipa kumwona.

Na kwenye ukingo mweupe wa chini, kwa peni ya buluu, aliandika: "Ijumaa saa 3. Rili ya 4 imekatika. Nimeunga."

Ni hayo tu. Hakuacha barua wala daftari. Mwandiko wake mwingine ninaoujua ni sahihi kwenye ripoti zangu za shule, na hizo zililiwa na mchwa.

Nakusanya vitu hivi tangu alipofariki. Nina picha za filamu, zile nyeusi na nyeupe za inchi 8 kwa 10, nilizozitoa kwa muuza vitabu vya mitumba Nakuru akiwa hajui ni nini. Alinipimia kwa kilo, haki ya Mungu, kama sukari. Nina bango la filamu ya Kihindi lililokuwa limetandikwa ndani ya sanduku la bati huko Kakamega, na mwenye sanduku hakukubali kuliuza mpaka nilipomnunulia kitambaa cha kutandika badala yake. Watoto wangu wanaona ni wazimu. Sijali. Lakini katika vyote hivyo, la baba ndilo la kwanza, na mengine yote nadhani nilikuwa najifanyia mazoezi tu.

Sasa huku kwetu ziwa linatoa unyevu usiku kucha. Karatasi inavimba, inatoa madoa ya kahawia, wadudu wanaingia. Nikasema nilitie kwenye fremu, nimpelekee mama siku tukikutana nyumbani kumkumbuka mzee. Hiyo ilikuwa kama mwezi hivi uliopita, kabla mvua hazijachachamaa.

Nilimweleza fundi. Nasema tena, nilimweleza. Usikate. Usigundishe. Nyuma usiweke boksi la kawaida, linageuza karatasi kuwa manjano. Kioo kisiguse karatasi, weka nafasi kidogo, kwa sababu kwa unyevu huu wino unashika kioo, na siku ya kulitoa uso unabaki kule. Alinisikiliza akiwa na simu sikioni. Akanijibu, "Sawa madam, hiyo ni kazi ndogo." Nikamtumia nusu ya pesa kwa M-Pesa nikaenda zangu. Hapo nina kosa, nalikubali. Mtu akikuambia kazi yako ni ndogo, chukua kitu chako uondoke.

Siku ya kulichukua nilijua kabla sijafika mezani, kwa sababu lilikuwa linang'aa. Karatasi ya 1981 haing'ai. Nilisimama pale mlangoni kati ya maaskofu nikajiambia labda ni kioo. Haikuwa kioo. Kioo hakikuwepo kabisa! Walikuwa wamelipiga laminesheni, kama kitambulisho, kama menyu ya kibanda cha samaki, kisha wakalitia kwenye fremu.

"Umeona?" fundi akaniambia, anatabasamu. "Ile mikunjo yote tumeimaliza."

Mikunjo! Mabango ya zamani yalisafirishwa yamekunjwa. Ndivyo yalivyotoka kiwandani, ndivyo yalivyofika kwenye kumbi, na ilikuwa miaka hiyo hiyo ya themanini ndipo mtindo wa kuyasafirisha yakiwa yamezungushwa ulipoenea. Mikunjo ndiyo cheti chao cha kuzaliwa. Mkusanyaji akiona bango la zamani halina mkunjo hata mmoja huanza kulishuku. Na laminesheni ni joto na gundi na plastiki, haitoki tena, ukiibandua inaondoka na picha. Wanaojua, wakitaka kuliimarisha bango, hulilaza juu ya kitambaa kwa gundi ya unga wa ngano, na katikati wanaweka karatasi nyembamba ya Kijapani, ili siku ukitaka kulibandua, maji yanatosha.

Lakini hayo yote niliyafikiria baadaye. Wakati ule macho yangu yalishuka chini kwenye ukingo, na ukingo haukuwepo.

Nikamuuliza, kule chini kumeenda wapi? Akaniambia bango lilizidi fremu kwa vidole viwili. Fremu yenyewe ilikuwa ya mteja mwingine aliyeikimbia, hivyo ilishakatwa, na kutengeneza nyingine ni kupoteza mbao. "Tumetoa kile cheupe tu, madam. Cheupe hakina kitu."

"Kilikuwa na maandishi."

"Ee, yale ya peni." Akacheka kidogo, kwa wema, na huo wema ndio ulionimaliza. "Tulidhani ni mtoto alichora."

Sikumbuki vizuri nilichosema baada ya hapo. Wateja wawili walitoka. Najua nilimwambia kwamba mwaka 2005 bango moja la Metropolis, filamu ya Kijerumani ya 1927, liliuzwa kwa dola 690,000, na ni karatasi, karatasi kama ile aliyoikata yeye. Akauliza, "Na hili lako ni la ngapi?" Nikanyamaza. Langu sokoni labda lisingefikisha bei ya mbuzi mzuri. Alijua amenishika, na mimi nilijua kwamba hata lingekuwa la milioni nisingekuwa nalia zaidi ya pale. Sikuwa na jibu analoweza kulipima kwa futi yake.

Ndipo akageuka, akaanza kufuta vumbi kwenye fremu nyingine, akasema kwa sauti ya kunifanya nisikie lakini kama haniambii mimi: "Asante ya punda ni mateke."

Jamani.

Kukata ningeweza kusamehe. Laminesheni, kwa shida, ningesamehe. Lakini niwe mimi punda? Nimelipa pesa zangu, 4,500, nimeleta kitu kizima, nimerudishiwa kilichochinjwa, halafu mateke ni yangu? Mimi nimefundisha shule ya msingi miaka 31. Methali hiyo nimewapa watoto waitungie insha mara nyingi kuliko fremu alizowahi kutengeneza. Punda hutoa mateke kwa aliyemtendea wema. Wema gani?

Nimetulia kidogo, nimekunywa chai, naendelea.

Nataka kuwa mkweli kwa sababu wengine watasoma hapa wakitafuta fundi. Fremu ni nzuri. Inaniuma kuandika hivyo. Ni mbao ya mvule, imepigwa msasa mpaka inateleza kama ngozi ya mtoto, na pembe zimekutana pasipo ufa wa kupitisha wembe. Hakuna msumari unaoonekana. Nimenunua fremu Nakuru na mpaka Nairobi, na sijapata pembe kama zile. Bei ni ya haki. Walimaliza siku waliyosema, na fundi anayemaliza siku aliyosema ni wa kuwekwa makumbusho.

Na nilipokuwa nimekaa kwenye stuli pale, maana miguu ilinikataa, niliangalia ukutani kazi zake nyingine. Vyeti. Vyeti vya kidato cha nne, vya digrii, vya ubatizo, vyote vimepigwa laminesheni. Wanaokuja pale wanaishi kwenye nyumba za mabati yanayovuja, wengine huko chini maji ya ziwa yameingia mpaka sebuleni. Cheti cha mtoto kikilowa, ni safari za ofisini na foleni zisizokwisha. Kwa watu hao yule fundi ni mwokozi. Miaka yote watu wamemshukuru kwa kitu kile kile alichonifanyia mimi. Kwa hiyo labda alistahili kushangaa. Labda niongeze nyota.

Lakini hapana! Nilimwambia asikate. Cheti cha mtu angekikata ukingo wenye muhuri kwa sababu fremu haitoshi? Asingethubutu. Alikata langu kwa sababu aliliona ni bango, na bango kwake ni kitu cha ukutani kwa kinyozi. Nyota inabaki moja.

Kijana sasa. Yuko kijana pale anayejifunza kazi, kazi yake ni kufagia na kushika upande wa pili wa mbao. Muda wote hakusema neno. Nilipokuwa nimeshasimama kuondoka na fremu yangu kwapani, akatoka nyuma na pipa la takataka, akalimwaga sakafuni, mbele ya bosi wake, akapiga magoti akaanza kupekua. Vumbi la mbao, vipande vya kioo, maganda ya ndizi. Bosi akamwambia aache upuuzi. Hakuacha. Akaja na ukanda wa karatasi usiofika shubiri, umekunjamana, umewekewa alama ya penseli ya kupimia. "Mama, ndio hii?"

Ilikuwa hii. Sehemu yake. Imebaki "ya 4 imekatika. Nime".

Neno la kuunga ndilo lililokatwa. Mwanangu alipoliona alicheka, nami nilimkaripia, kisha usiku nikacheka peke yangu.

Fundi aliona nimekishika kile kipande, akabadilika kidogo. Aliniambia atanirudishia mia tano. Nikakataa kwa maringo, nikatoka. Mpaka leo najuta, mia tano ni nauli ya kurudi nyumbani na inabaki ya mandazi.

Mama tulimpelekea. Na hapa ndipo mnisaidie kufikiri, kwa sababu mimi nimeshindwa. Mama amelipenda. Macho yake si mazuri tena, na lile bango lilipokuwa karatasi ya kawaida alikuwa halioni vizuri. Sasa linang'aa, taa ikiwaka anamwona Olita tangu kitini kwake, na kila mgeni anaonyeshwa. Analifuta kwa kitambaa chenye maji. Bango la 1981, kwa maji! Na halidhuriki, kwa sababu ya ile plastiki. Nilipomweleza kuhusu mwandiko akasema, "Baba yako alikuwa na mwandiko mbaya," akaendelea kufuta.

Kwa hiyo sijui. Mwenye kupewa zawadi ameridhika. Anayelia ni mimi niliyetoa. Ile shubiri ya karatasi nimeiweka kati ya karatasi mbili safi, ndani ya kamusi, mbali na dirisha. Hiyo hapigi mtu laminesheni.

Nikiulizwa niende wapi kutengeneza fremu ya picha ya harusi, nitakutuma pale pale, na utafurahi. Ukiwa na kitu cha zamani, chochote ambacho marehemu alikishika kwa mkono wake, pita mlango huo haraka kama unadaiwa. Au ingia, lakini kaa pale kwenye stuli mpaka amalize, usimpe nafasi ya kuchukua wembe.

Jambo moja la mwisho. Siku ile ya kwanza, kabla ya yote haya, nilimwachia pia zile picha zangu za Nakuru, nne, nyeusi na nyeupe, atengeneze fremu moja ya kuzibeba zote. Kwa hasira nilizisahau. Juzi nikampigia, nikamwambia polepole, kama ninavyosoma imla darasani: usiguse, usikate, usipitishe kwenye mashine, nakuja kuzichukua. Hakujibu kitu. Jana jioni ameniletea ujumbe: "Madam picha zako ziko tayari, zimetoka smati sana."

Naondoka na matatu ya asubuhi.