Sato wa kukaanga Kirumba: kwa mama huyu kuna cha kuiga

Nauza chakula Mkolani. Kibanda hiki cha jirani na soko la samaki la Mwaloni, hapa Kirumba jijini Mwanza, nilikifuata mara ya kwanza ili nikiige. Nilikuwa nimeona watu wanavyojipanga. Nikarudi kwangu nikapaka mabenchi rangi ya bluu kama yake, nikapanga bei kama zake, hata kachumbari nikaanza kuiweka pembeni ya sahani kama yeye. Wiki mbili walikuja. Ya tatu nikabaki na samaki wangu.

Nikarudi kwa heshima. "Shikamoo mama, naomba unifundishe." "Marahaba mwanangu. Njoo kesho alfajiri, tuanzie sokoni."

Sokoni anafunua shavu la kila sato. Matamvua yakiwa mekundu, anachukua; yakishakuwa ya kahawia, anamrudisha hata muuzaji akishusha bei. Sangara hagusi, anasema wale wazuri wanakimbilia viwanda vya minofu. Akifika kibandani anachanja mistari mitatu kila ubavu, anapaka chumvi, ndimu na kitunguu swaumu, kisha anawaacha kwenye chekeche mpaka maji yachuruzike yaishe. Samaki mwenye maji hurusha mafuta na ngozi yake hung'ang'ania kikaangio. Mafuta yakianza kuwa meusi na kutoa povu, anamwaga. Mimi yangu nilikuwa nayasukuma siku tatu.

Ndiyo maana sato wake akija mezani ngozi inalia ukiivunja, na nyama ya karibu na mwiba ni nyeupe, imeiva sawasawa. Ugali upo wa dona na wa udaga, yaani wa muhogo. Chagua wa udaga. Sato wa saizi ya kati nililipa elfu nane, na sikuona ghali.

Kilichonigusa kuliko vyote nilikiona siku mama alipokwenda msibani na kumwachia binti yake kibanda. Akaja mteja, mtu wa haraka, akaonyesha kidole sato mkubwa kuliko wote. Binti akamwambia, "Kaka, huyo alibaki jana. Nikupunguzie, au usubiri wa leo?" Mama hakuwepo, wala mteja asingejua. Nilimuuliza binti kama ameagizwa kusema vile. Akanishangaa. Akasema mama ndivyo anavyouza. Mimi nilikuwa nimeiga vinavyoonekana ukipita barabarani. Yeye ameiga kile ambacho mama yake hufanya hata pasipo mtu wa kumwona.

Kasoro ipo: mchana utasubiri, mimi niliwahi kukaa karibu dakika arobaini, na maji ya kunawa huisha mapema. Waongeze ndoo ya pili.

Ukienda, wahi kabla ya saa saba. Mabenchi ya mbele yanapigwa jua, kaa upande wa mwembe. Na ukimkuta binti peke yake, agiza bila wasiwasi.